Mdomo wa Ekyanzi

Vitabuni wanachora birika.
Mimi nachora ekyanzi,
chombo cha maziwa cha mama, mti mmoja usio na kiungo,
kimesimama mezani Biharwe, nje kidogo ya Mbarara,
kando ya chaja na daftari la chanjo za ndama.

Nimekipima kwa uzi na rula siku mbili:
tumbo, bega, shingo, mdomo.
Kiswahili changu ni cha kambini Makenke, cha amri na hesabu,
kwa hiyo nitasema bila mapambo:
mashine haijui mviringo.
Inajua pembetatu, basi.
Kila tumbo unaloliona kwenye kioo
ni vibao vilivyonyooka, vimebanana, vimenyamaza.

Mara ya kwanza niliogopa, nikamimina
pembetatu elfu arobaini.
Simu ya Kembabazi, ile ya laki mbili,
kama watakazoshika watoto wa shule,
ikapata moto kama pasi,
ikakizungusha nusu, ikaganda.
Mara ya pili nikabana. Sitini.
Ekyanzi kikawa nati ya lori.

Ndipo nikaacha kugawa kwa usawa.
Kila kipande nikakipa sharti moja:
pima kutoka katikati ya kamba hadi mgongo wa upinde.
Pengo likiwa chini ya nusu nukta, nyamaza, pita.
Likizidi, kata kati, uulize tena.
Tumbo likajibu upesi, limelala karibu kama sinia.
Shingo ikauliza, ikauliza,
ikauliza.
Na chombo kikisogea mbali maswali hupungua;
cha mbali hakidai ukweli mwingi.

Halafu kikavuja.
Si utani. Bega limekatwa mara nane, tumbo mara nne,
na pale wanapopakana
kona ya mmoja haikukuta kona ya mwenzake.
Ufa mwembamba kama unywele,
kijani cha nyuma kikichungulia kama malisho.
Usiku kucha nilitafuta kosa kwenye hesabu ya upinde.
Kosa lilikuwa la ujirani:
wakubaliane kwanza juu ya ukingo wanaoushiriki,
ndipo kila mmoja afanye yake ndani.
Mistari kumi na mmoja. Kikaziba.

Aliyekichonga aliitwa Tindyebwa. Sikumjua.
Nimepitisha kidole ndani, nikakuta alama zake,
pana chini, za shoka,
zikisinyaa kadiri zinavyopanda,
hadi shingoni ambako patasi ilikwenda kwa woga.

Nuru nayo. Kila kona nimeipa mshale unaotazama nje,
mwanga ukateleza kutoka mshale hadi mshale,
vibao vikalainika, vikawa vyeusi
kama vimefukizwa moshi wa nyasi.
Ni uongo, lakini wa bei nafuu.
Pembetatu mia tatu na kumi. Simu baridi.

Mama akaishika.
Akakizungusha kwa dole gumba,
akakikagua anavyokagua ng'ombe wa mtu mwingine.
Tumbo hakulisemea kitu. Wala shingo.
Akatanua vidole viwili, mdomo ukajaa kioo,
pale chombo kinapoishia na ukuta mweupe unapoanza.
Kona. Ndogo. Nilidhani imejificha.
Katikati mwanga hudanganya utakavyo;
mbio za sakafuni, huko ndiko zinakoishia.

"Hapa," akasema, "ulichoka."

Akanirudishia simu, akaenda kufunga ndama.

Nimeongeza kumi na mbili. Mdomoni tu,
ziamke chombo kinapokaribia jicho.
Wakati mwingine zilale.